Mtandao Uliokataa Siku za Jua

Siku mliponiaga ofisini mlisoma vyeo vyangu kimoja baada ya kingine, na mimi nimekaa kiti cha mbele najiuliza huyo mama anayesifiwa hivyo ni nani. Vyeo basi mmeshavisikia. Mshahara tusiuguse, mtu asije akalia bure. Ila wakati wa kula, wawili watatu mlinifuata mkaniuliza zamani watu walikuwa wanachezaje michezo ya mtandaoni wakati intaneti yenyewe ilikuwa inatambaa. Niliwajibu kwa kifupi kwa sababu pilau lilikuwa linapoa. Sasa nipo nyumbani, pilau napika mwenyewe, muda ninao.

Kazi hii sikuianzia kwenye chumba chenye kiyoyozi kama hicho mnachokaa ninyi na masweta yenu. Niliianzia Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, kwenye duka la Bwana Jayanti. Baba yake alikuwa fundi redio, naye akarithi meza iliyoungua ungua na makopo ya skrubu. Ilipokuja enzi ya ruksa, biashara ya nje ikafunguliwa, redio mpya zikaanza kuingia kwa makontena, nani tena atatengeneza ya zamani? Jayanti akaondoa redio akaweka mashine ya fotokopi, baadaye faksi, baadaye kompyuta. Mimi aliniajiri nichape barua za kuomba kazi, kadi za mialiko na risala za wageni rasmi. Nilikuwa binti wa mtaa wa Gerezani, nimetoka kumaliza uhazili, nina kucha ndefu na majivuno ya kutosha.

Siku ya kwanza nilifika nikidhani nitakabidhiwa mashine ya kuchapa. Akanikabidhi mita ya umeme, ile yenye waya mwekundu na mweusi, akaniambia nipime soketi zote za dukani kabla sijachomeka kitu chochote. Nikaona mzee huyu ananitania. Nikapima kwa kununa, na soketi moja ya ukutani nikaikuta inatoa umeme wa kuua kompyuta pamoja na mchapaji wake. Tangu siku hiyo ukimpelekea Jayanti lalamiko lolote, hata ukimwambia chai imepoa, anakuuliza, "Umepima?" Swali hilo lilinikera miaka mingi. Mliofanya kazi chini yangu mnajua kwamba niliishia kuwakera nalo ninyi.

Basi duka likageuka intaneti kafe. Tulikuwa na mashine kama kumi, feni mbili zinazogombana, na karatasi ukutani inayokataza kula mihogo juu ya kibodi. Juu ya paa la jengo letu, juu ya ghorofa ya tatu, tulifunga antena ya waya inayotazama mnara wa kampuni iliyokuwa inatuuzia mtandao, upande wa Posta. Kutoka mnarani mawasiliano yanapanda kwenye setilaiti, yanashuka ng'ambo, yanarudi kwa njia hiyohiyo. Ninyi watu wa mkongo wa baharini mkiona milisekunde mia mbili mnashika simu kulalamika. Sisi tukiona mia sita, mia saba, tulikuwa tunashukuru Mungu.

Wateja wa mwanzo walikuja kwa barua pepe na bahati nasibu za kwenda kuishi Marekani. Wachezaji walifuata baadaye, wa kukimbiza magari na wa kurushiana risasi, na makelele yao. Mchezaji akishindwa hajawahi kukosea yeye. Siku zote mtandao umestaki, yaani umekwama. Ndipo Jayanti akanifundisha kupiga pingi. Kwa asiyejua, maana huenda na wajukuu wangu watasoma, pingi ni kuiambia kompyuta yako ibishe hodi kwenye kompyuta nyingine, halafu uhesabu muda mpaka iitikiwe. Muda ukiwa mfupi, ukibonyeza unaona. Ukiwa mrefu, umeshakufa kwenye mchezo na wewe bado unajiona mzima.

Kanuni yake ilikuwa kwamba usibishe hodi kwa mtu wa ng'ambo kabla hujabisha kwa jirani. Anza na ruta ya hapohapo dukani. Jibu lirudi papo kwa papo, na lisiporudi tafuta kebo iliyokanyagwa na mguu wa kiti. Nenda kwenye mnara wa Posta. Hapo zinatosha milisekunde chache tu. Kisha ndiyo uende kwenye mtambo wa mchezo wenyewe, huko uliko. Palipoanza kuchelewa ndipo penye ugonjwa. Na usipige mara moja ukaondoka. Iache iendelee, tazama namba zinavyorukaruka, kwa sababu mtandao wa polepole uliotulia unachezeka, lakini wenye kasi unaoruka hauchezeki. Na kabla ya yote, hakikisha jirani yako wa mashine ya pembeni hashushi video ya harusi ya binamu yake.

Wachezaji hawakutaka elimu hiyo. Kila Diwali Jayanti alikuwa anazipaka kompyuta zote nukta nyekundu ya kumkum kwa ajili ya baraka, na mwaka mmoja mkono ukamteleza, mashine ya dirishani ikapata nukta kubwa kuliko wenzake. Basi, ikawa vita. Kila mchezaji anataka mashine ya dirishani, eti ndiyo yenye kasi. Nikawapigia pingi mashine zote mbele ya macho yao, namba zikatoka sawa. Mmoja akaniambia, dada, mita yako haipimi kismati. Nikaamua kuipandisha bei kidogo mashine ile, na hakuna aliyelalamika.

Mzee Massawe hakuwa mchezaji wa namna hiyo. Alikuwa Mchaga mwenye mwili mkubwa na maneno machache, anauza mitumba ya jumla Mchikichini, na kwenye jengo letu alikuwa amepanga chumba cha juu kabisa kama stoo ya ziada. Kabla yake alikuja mkewe, Mama Elia, akazunguka duka kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Akaniuliza kama kwenye kompyuta kuna drafti. Nikamwambia ipo, kuna mtambo watu wanakutana na kucheza kutoka nchi yoyote. Akavuta kiti akanisimulia, na alipomaliza kitambaa chake kilikuwa kimelowa.

Drafti ya Kariakoo mnaijua. Ubao, vizibo vya soda, wanaume wamezunguka, maneno mengi kuliko kete. Watu wanatukanana pale mpaka mgeni anadhani visu vitatoka, kumbe ndiyo raha yenyewe. Kitu kimoja tu hakisameheki, nacho ni kumwaga. Mtu anaona anafungwa, anakusanya vizibo kwa mkono na kuvimwaga chini, anaondoka. Hapo amekwambia kwamba wewe si mtu wa kukaa naye. Kuna wazee mtaani kwetu walizikwa bila kusalimiana kwa sababu ya kumwagiana.

Massawe alimmwagia mwanawe. Elia, kifungua mimba wake, alikuwa anamfunga barazani mbele ya wafanyabiashara wenzake, na katikati ya mchezo akamwambia baba yake kwamba biashara ya mitumba hataiendesha, anataka kwenda Bondeni, Afrika Kusini, kutafuta maisha yake. Massawe akavipiga vizibo kofi, vikatawanyika mpaka kwenye mtaro. Elia akaenda Bondeni kweli. Simu ya mama anapokea, ya baba hapokei. Lakini siku moja ulimi ulimponyoka, akamwambia mama yake kwamba asubuhi kabla ya zamu ya kazi huwa anacheza drafti kwenye mtandao, na jina analotumia ni hili. Mama Elia akaliandika kwenye kiganja, akaja nalo kwangu.

Mumewe alikuja kesho yake, akajifanya anapita tu. Nikamfungulia, nikamwandikisha kwa jina lake mwenyewe, tukamtafuta kijana. Massawe akaomba mchezo. Huko Bondeni sijui Elia na kioo chake walitazamana vipi, lakini mchezo ukakubaliwa. Hawakuandikiana hata neno. Walisogeza kete tu. Massawe akafungwa, akanishukuru kana kwamba ni mimi niliyemzaa Elia, akaondoka. Ikawa kila asubuhi anakuja, na kwa drafti milisekunde mia saba si kitu, hata kwa ile ya kuwekewa saa.

Kisha masika yakaingia. Jangwani pakajaa kama kawaida yake, na maji yakaifikia stoo kubwa ya Massawe iliyokuwa hukohuko Jangwani. Marobota yake ya makoti ya baridi yakalowa, yale mazito ya Ulaya aliyokuwa anawapelekea watu wa Njombe na Makete. Akayahamishia kwenye stoo ya jengo letu. Nilimpa pole, nikaishia hapo.

Wiki hiyohiyo mchezo ukaanza kukatika. Massawe anacheza vizuri, ghafla kete haziendi, na mtambo ule ukikukosa kwa muda unaufunga mchezo na kumwambia mwenzako kwamba mpinzani wake ameondoka. Mara ya kwanza tukacheka. Mara ya pili, mtandao uliporudi, tukakuta Elia ameandika chini ya ubao, "Umemwaga tena, baba." Massawe aliusoma ule mstari, akabaki anauangalia. Nikataka kumjibia kwamba ni mtandao, akanikataza. Mara ya tatu Elia akaandika maneno mengine: "Jumamosi nitakuwepo kwa mara ya mwisho. Ukimwaga na siku hiyo, basi."

Kusema kweli niliogopa. Kompyuta ikifa unanunua nyingine. Huyu alikuwa baba wa mtu, na uzi aliobaki nao ulikuwa unapita mikononi mwangu.

Nikapiga pingi kama nilivyofundishwa. Ruta ya dukani, safi. Mnara wa Posta, hapo mambo yakaharibika: namba inaruka kutoka tano kwenda mia nne, kisha kimya, hakuna jibu kabisa, kisha tano tena. Nikapigia simu kampuni. Kijana akaniambia kwa upole kwamba upande wao wanaona kila kitu kipo sawa, huenda ni mvua. Hilo ndilo lililonisumbua, kwa sababu nilikuwa nimepima siku zote, na siku za mvua mtandao wetu ulikuwa unateleza kama mtelezo. Siku ya jua ndiyo unakufa. Tena unakufa asubuhi, na alasiri unafufuka wenyewe bila mtu kugusa kitu. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha adapta, nikazima feni. Jayanti alisema katika maisha yake ameona mitambo inayoogopa maji, lakini unaoogopa jua hajauona.

Jumamosi ikafika, na jua lake. Massawe aliingia amevaa shati la kanisani, akakaa, mchezo ukakubaliwa, wakaanza. Mimi nikiwa kwenye mashine ya pili natazama pingi ya mnara, nikaona namba zinaanza kupanda. Nikamwambia Jayanti nakwenda juu, kwa sababu hapo katikati ya duka na mnara kilichobaki ambacho sijakipima ni hewa. Tulikubaliana alama. Enzi hizo vocha ilikuwa ghali na watu wote wa Dar tunaongea kwa kubipu, unapiga na kukata kabla hajapokea, basi akiona namba nzuri atanibipu mara moja, akiona mbaya atanibipu mara mbili.

Nilifika juu nahema. Sikuiona antena. Niliona makoti. Kamba zimefungwa kutoka kwenye tangi la maji mpaka kwenye nguzo ya antena yenyewe, safu kwa safu, makoti ya sufu, makoti ya manyoya, makoti yenye kofia, yote yanachuruzika maji, na yametanda upande wa Posta mithili ya pazia. Mawimbi yale hayapendi maji, na mtu alikuwa ameyatundika mbele ya antena yetu kwa kilo na kilo. Mvua ikinyesha hawaaniki. Jua likitoka wanaanika, na yakikauka alasiri mtandao unarudi. Nilisimama pale nikacheka peke yangu, kisha nikakumbuka kinachoendelea chini na kicheko kikaisha.

Nikasogeza koti kubwa la kijivu lililokuwa mbele kabisa. Simu ikabipu mara mbili. Nikavuta la pili na la tatu, mikono inalowa mpaka kwenye viwiko. Mara mbili tena. Makuli wawili waliokuwa wanaendelea kuanika wakaniuliza vipi dada, wataka kununua? Nikawaambia nataka kamba hii ikatwe sasa hivi, makoti yaende upande wa pili wa tangi. Wakasema haiwezekani, mwenyewe amewaambia waanike hapa kwa sababu ndipo upepo unapopita. Nikawauliza mwenyewe ni nani.

"Si ni Mzee Massawe!"

Nikaifungua ile kamba mwenyewe. Safu nzima ikaanguka kwenye sakafu ya paa, na makuli wakashika vichwa. Simu ikabipu mara moja, ikanyamaza.

Nilishuka ngazi mbili mbili, lakini nilichelewa. Mchezo ulikuwa umeshakatika wakati mimi nabishana na makuli. Jina la Elia lilikuwa bado linaonekana kwenye orodha ya waliopo, ila Massawe akimwomba mchezo mwingine, haujibiwi. Akawa anabonyeza polepole, anasubiri, anabonyeza tena, na shati lake la kanisani limelowa mgongoni. Nikachutama pembeni ya kiti chake nikamweleza habari za juu ya paa, kwa sauti ya chini, wachezaji wengine wasisikie.

"Kwa hiyo aliyekuwa anakata ni mimi," akasema.

"Ni makoti yako, mzee."

"Mimi ndiye niliyesema yaanikwe hapo."

Nikamshauri amwandikie mwanawe hivyo hivyo, kwamba alianika makoti mbele ya antena. Akatikisa kichwa. Akasema Bongo nzima mtu akitaka kumkimbia mwenzake anasingizia mtandao, na yeye mwenyewe amewahi kuwadanganya wateja hivyo kwenye simu, Elia akiwa dukani anasikia. Mtoto aliyemsikia baba yake akisema uongo huo ataanzaje kuuamini leo? Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Kisha akaniambia nichape, kwa sababu vidole vyake havikuzoea herufi.

"Andika hivi. Elia, siku ile barazani nilimwaga mwenyewe, kwa mkono wangu. Nilikosea. Hizi nyingine sikumwaga."

Nikasubiri aendelee. Akasema basi, ni hayo. Nimechapa barua nyingi za kuomba radhi kwa niaba ya watu, za wadeni, za waume, za watumishi wanaoomba warudishwe kazini, na zote zilikuwa ndefu. Hii niliituma kama ilivyo.

Massawe akaniuliza kama imekwama. Nikageukia mashine ya pili. Pingi ya mnara, nne, tano, nne. Pingi ya ng'ambo, mia sita na kidogo, imetulia kuliko siku zote nilizowahi kuipima. Nikamwambia haijakwama, imefika.

"Sasa mbona hajibu?"

Hilo sikuwa na chombo cha kulipima. Nikamwambia tusubiri. Jayanti akaja na chai, akaiweka, hakuna aliyeigusa. Watu wakaingia na kutoka, mtu akataka fotokopi ya kitambulisho, nikamwambia kaka, subiri kidogo, akaona sura yangu akasubiri. Kila nilipoitazama pingi ilikuwa safi, na mara hii nilitamani iwe mbaya, angalau tupate cha kusingizia.

Kisha ubao ukajipanga kwenye kioo, kete zote mahali pake, saa ya Massawe ikaanza kwenda. Elia amekubali mchezo. Na chini ya ubao, pale anapoandika, kukatokea maneno mawili: "Shikamoo baba."

Massawe akasogeza kiti karibu, kikakwaruza sakafu. Nikanyoosha mkono nimwitikie, nimeshazoea kumchapia. Akausukuma mkono wangu pembeni. Akanyoosha kidole kimoja, kile kinene cha kukagulia mitumba, akakipitisha juu ya kibodi akitafuta M. Akaipata. Akatafuta A. Nikamwambia mzee, saa yako inakwenda, sogeza kete kwanza, salamu itafuata.

"Iache iende," akasema.

Saa ikaenda mpaka ikaisha. Mashine ikatangaza kwamba amefungwa kabla hajasogeza kete hata moja. Hakuinua macho. Alikuwa bado anatafuta B.